Ushairi umo kwenye vifusi

Ndugu mwandishi, umesema filamu za uhalisia za China ni picha za umaskini tu, hazina ushairi. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Itazame tena Still Life, filamu ya mwongozaji Jia Zhangke, iliyotwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2006. Mji wa Fengjie unabomolewa kwa nyundo kabla maji ya Three Gorges, bwawa kubwa la mto Yangtze, hayajaumeza. Mchimba makaa ya mawe kutoka jimbo la Shanxi amekuja kumtafuta mke ambaye hawajaonana kwa miaka 16 (na anayemwigiza, Han Sanming, aliwahi kweli kuwa mchimba makaa). Wenzake katika kazi ya kubomoa wanamwonyesha noti ya yuan 10 yenye picha ya Kuimen, lango la korongo la hapo hapo kwao. Baadaye anasimama mbele ya mto, ameishika noti ile, analinganisha picha na milima yenyewe. Hasemi neno. Kama huo si ushairi, ni nini?

Halafu mwishoni kuna mtu anayetembea juu ya kamba kati ya majengo mawili, wala hatuelezwi ni kwa nini. Kipande hicho nilikirudia mara tatu usiku ule ule.