Chupa ya dola 30 na mteremko wa Kadutu

Mama mkubwa alinipa chupa nimsomee kwa sababu miwani alikuwa ameisahau kibandani. Vidonge 60 vya viungo. Glukosamini, kondroitini, manjano, kolajeni, halafu mstari mmoja wa herufi za Kichina ambao sote wawili tuliutazama kwa heshima na kuupita. Alikuwa amelipa dola 30. Kwa mtu anayeuza maharagwe kwa kopo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hizo ni dola zilizohesabiwa mara tatu kabla ya kutoka kwenye fundo la kitenge.

"Walisema inajenga mifupa upya," akaniambia. "Mimi kupanda haina neno. Kushuka ndiyo inaniuwa."

Mwanawe ni muuguzi, na alishatoa hukumu: pesa imetupwa ziwani. Wenzake wa kwaya nao wanaapa kwamba vidonge hivyohivyo vilimwinua dada mmoja aliyekuwa hawezi hata kupiga magoti kusali. Bukavu nzima imegawanyika hivyo. Mji wenyewe ni vilima na ngazi, udongo mwekundu unateleza mvua ikinyesha, na nusu ya chakula chetu husafiri mgongoni mwa mwanamke, kamba ikipita kwenye paji la uso. Magoti hapa ni habari ya kila nyumba. Nimezisikiliza pande zote mbili, na kinachonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni nini hasa kinachomuuma.

Kosa linaanzia kwenye neno. Sisi huita vyote mishipa: damu inapita kwenye mshipa, ganzi inapita kwenye mshipa, na kisigino kikivuta asubuhi tunasema ni mshipa. Lakini chukua mguu wa kuku jikoni. Ile kamba nyeupe ambayo watoto huivuta ili vidole vijikunje ndiyo kano, inafunga msuli kwenye mfupa. Ule mwisho wa mfupa unaong'aa na kuteleza ni gegedu. Kano huuma kwa namna yake, gegedu lililochakaa huleta maumivu ya namna nyingine, na tiba zake hazilingani. Muuzaji anayetibu "mishipa na viungo vyote" amelala usingizi mtamu ndani ya neno letu.

Tuanze na gegedu, maana mama mkubwa ana miaka 61 na goti lake linalia kama mlango mkavu. Mwaka 2006 yalitoka Marekani matokeo ya jaribio kubwa lililogharamiwa na serikali ya huko: watu 1,583 wenye goti lililochakaa, kwa wiki 24. Wengine walipewa glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, wengine kondroitini miligramu 1,200, wengine vyote viwili, wengine selekoksibu, ambayo ni dawa ya maumivu inayojulikana, na wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Walihesabu waliopungukiwa na maumivu kwa angalau sehemu moja ya tano. Selekoksibu ilifikisha asilimia 70. Mchanganyiko wa glukosamini na kondroitini, asilimia 67 hivi. Kidonge kitupu, asilimia 60. Kati ya mchanganyiko na kidonge kitupu, tofauti haikutosha kuondoa shaka kwamba ilitokea kwa bahati tu.

Muuguzi wetu huishia hapo na kushangilia. Mimi nakwama kwenye ile 60. Watu sita katika kila kumi walipata nafuu kwa kumeza hewa! Hao ndio kwaya. Hawasemi uongo. Goti lina majira yake. Mtu hutoa dola 30 siku linapouma kupita kiasi, na kutoka kileleni njia iliyobaki kwa kawaida ni ya kushuka. Ongeza kwamba kuna mtu amemsikiliza, amemwambia jina la ugonjwa wake, na amempa kitu cha kushika mkononi asubuhi na jioni. Foleni ya hospitali haikumpa hivyo vitu vitatu.

Na upande wa chupa una hoja nzito kuliko nyimbo za kwaya. Katika jaribio lilelile, kikundi kidogo cha wenye maumivu makali kiasi kilifanya vizuri zaidi kwa mchanganyiko: asilimia 79 dhidi ya 54. Kabla ya hapo, mwaka 2001, watafiti wa Liège, Ubelgiji, waliwafuatilia wagonjwa 212 kwa miaka mitatu, na waliokunywa glukosamini salfeti hawakupoteza nafasi iliyo kati ya mifupa ya goti, ile inayopungua gegedu likichakaa, kama wenzao wa kidonge kitupu. Kampuni iliyotengeneza dawa hiyo ndiyo iliyosaidia kulipa gharama, jambo ambalo halifuti matokeo ila linakufanya usome mara mbili. Mpaka leo wataalamu wa Ulaya na Marekani hawajapatana: kuna jumuiya ya Ulaya inayoipendekeza glukosamini ya daraja la dawa, na mwaka 2019 madaktari wa viungo wa Marekani waliikataa kwa kauli kali. Ufaransa, mwaka 2015, iliacha kuwarudishia wagonjwa fedha za dawa za kundi hilo. Lakini wote hao, wanaokubali na wanaokataa, wanazungumzia kidonge kilichopimwa kiwandani. Chupa ya sokoni hakuna aliyeipima.

Kuhusu "kujenga upya", hapo sina subira. Kati ya mwaka 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani, na kaboni ya mionzi ikaongezeka duniani kote, ikaingia kwenye chakula na kwenye miili ya waliokuwa wakikua. (Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka sana kwetu, Shinkolobwe, Katanga; hatukuulizwa.) Watafiti wa Denmark wakaitumia kaboni hiyo kama saa, kwa kuwa kilichojengwa mwilini miaka hiyo na kisibadilishwe hubaki na alama yake. Mwaka 2013 walionyesha kwamba kiini cha kano ya kisigino hakibadilishwi tena kwa kiasi cha maana mtu akishakuwa mtu mzima. Mwaka 2016 wakapima kolajeni ya gegedu la goti, ile protini inayolishikilia, jibu likawa lilelile. Nyumba ambayo mwenyewe ameacha kuijenga tangu ujana haitajengwa kwa vidonge 60. Maumivu yanaweza kupungua, hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo sikumkataza mama mkubwa kuimaliza chupa yake. Nilimuuliza kwanza kama ana sukari, pumu, au anakunywa dawa ya kuyeyusha damu, kwa sababu mwaka 2019 shirika la usalama wa chakula la Ufaransa liliwaonya watu hao, pamoja na wanaodhurika na kamba na kaa, wasiguse glukosamini. Ana presha tu. Basi, hasara yake ni ya mfuko.

Ninayoiogopa ni chupa nyingine, ile isiyo na orodha ya vitu vilivyomo, inayoitwa "ya asili" na kuuzwa kwa megafoni, ambayo inakuinua kitandani kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo juu ya bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama mimea ya viungo. Walipoipima maabara walikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksametasoni, dawa kali ya uvimbe, ambazo hazikuandikwa popote. Sijawahi kuiona bidhaa hiyo Bukavu. Mbinu yenyewe ndiyo nasema ni rahisi kuigwa, kwa kuwa deksametasoni ni kidonge cha bei ya peremende na inafanya kazi kweli. Hapo ndipo ulipo mtego. Uvimbe unanyauka, hamu ya kula inarudi, uso unajaa, majirani wanasema umenenepa, umepona. Chini kwa chini sukari inapanda, mifupa inakonda, tezi za juu ya figo zinasahau kazi yake, na siku chupa ikikosekana ghafla mtu anaweza kuanguka. Diklofenaki nayo, ikimezwa kila siku na mtu wa presha, inatafuta tumbo na figo. Tumezoea kuishuku dawa isiyosaidia. Kwa magoti ningependa tugeuze: kitu cha "mimea" kikikuponya kabla ya Jumapili, kipeleke kwa mtu wa farmasi uulize kina nini ndani.

Ajabu ni kwamba diklofenaki hiyohiyo ikiwa jeli ya kupaka inasifiwa hata na wale madaktari wa Marekani walioikataa glukosamini, kwa kuwa kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Hata krimu ya pilipili wameikubali, ingawa kwa sauti ya chini. Bibi zetu waliokuwa wakikanda goti kwa mawese ya moto hawakuwa wajinga, joto linatuliza. Linatuliza, halijengi.

Kano ni hadithi nyingine, na hii naijua kwa mwili wangu. Miaka miwili iliyopita kisigino changu cha kulia kilianza kuvuta kila asubuhi, hatua kumi za kwanza ni za mzee, baadaye kinapoa. Kwenye farmasi moja niliambiwa nichomwe sindano ya kotizoni, nitacheza mpira wiki hiyohiyo. Ningecheza, naamini. Mapitio makubwa ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwenye kano, hasa ya kiwiko, sindano hiyo inashinda kila kitu kwa wiki chache, kisha miezi ikipita waliochomwa wanabaki nyuma ya wasiochomwa. Jirani akanishauri supu ya kwato. Usicheke: mwaka 2017 vijana wanane walipewa gelatini, ule ute wa supu kama hiyo, gramu 15 pamoja na vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba, na alama ya utengenezaji wa kolajeni kwenye damu yao ikapanda mara mbili. Vijana wanane tu, na walichopima ni damu, si maumivu. Supu niliinywa kwa sababu ni tamu.

Kilichonisaidia ni ngazi. Daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, alikuwa anaumwa kisigino mwenyewe, akaamua kukitesa ili kano ikatike apate kufanyiwa upasuaji. Haikukatika, ikapona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya kama yeye: unasimama na ncha ya mguu kwenye ukingo wa ngazi, unashusha kisigino polepole chini ya ukingo, unainuka kwa kutumia mguu usiouma. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka, kisha seti tatu goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni. Ni mara 180 kwa siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Baadaye wengine walionyesha kwamba uzito mkubwa unaoinuliwa taratibu mara tatu kwa wiki unatosha. Mimi niliumia zaidi wiki tatu za mwanzo na nilitaka kuacha kila siku. Kano inataka mzigo, ila mzigo uliopimwa na unaopanda kidogokidogo.

Na hapa upande wa mazoezi, ambao ndio wangu, unaingia aibu. Wale 15 wa Uswidi walikuwa watu wa kukimbia kwa starehe. Mwanamke anayebeba gunia toka ufukweni hadi Kadutu mara sita kwa siku hahitaji kuambiwa akapakie kano zake mzigo. Anahitaji kupunguziwa. Kuna utafiti wa mwaka 2005 uliokadiria kwamba kila kilo moja inayotoka kwenye mwili hulipunguzia goti kilo nne hivi kwa kila hatua. Wao walipima wanene wa Marekani. Wewe weka gunia mahali pa unene, kisha mteremko, kisha matope, uone kwa nini mama mkubwa analia wakati wa kushuka, pale paja linapofanya kazi ya breki na goti kukamuliwa. Ukimwambia apumzike wiki sita, amekosa kula wiki sita. Kidonge angalau hakimwombi afunge kibanda.

Kuna jambo moja kabla sijasahau, maana linawaponyoka wote. Siprofloksasini, ile sipro tunayonunua bila karatasi ya daktari kila tukihisi tifoidi, inaweza kuvimbisha kano ya kisigino na hata kuikata. Onyo la juu kabisa la Marekani ni la tangu mwaka 2008, na hatari inazidi kwa aliyepita miaka 60 na kwa anayetumia dawa za jamii ya deksametasoni. Mtu akija na kisigino kipya, muulize alimeza nini mwezi uliopita. Na mtoto ambaye leo goti limevimba, kesho kutwa kifundo, baada ya koo kuuma, huyo si wa kukandwa wala wa vidonge vya viungo: inaweza kuwa homa inayokula valvu za moyo, na ni ya penisilini haraka. Mtoto mwenye SS, yaani selimundu, vilevile si wa kukandwa.

Nilimwambia mama mkubwa hivi: jeli ya kupaka, kuketi kwenye stuli na kuinuka bila kushika mara kumi, asubuhi na jioni, na magunia asishushe tena mwenyewe. La stuli lilimchekesha. La magunia alilikubali. Sasa hushuka mikono mitupu, kwa ubavu kama kaa, na anasema nafuu ipo.

Wiki iliyopita nilipita kibandani. Chupa ilikuwa kando ya kopo la maharagwe, imebaki chini ya nusu. Nikadhani anameza mara tatu kwa siku. Kumbe anauza, kidonge kimoja franka 1,500, na hesabu yake inaonyesha kwamba dola 30 zitarudi na faida juu. Wateja wake wakubwa ni wale wanawake anaowalipa kumshushia magunia.