Dennis Farina Hakuwa Akijiigiza

Kila linapotajwa jina la Dennis Farina, mwigizaji wa Marekani, katika mazungumzo ya filamu, hakosekani mtu wa kusema kwamba yule bwana hakuwa na kazi ngumu, kwani alikuwa polisi wa kweli na alichofanya mbele ya kamera ni kurudia maisha yake tu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi hadi nimeona niijibu kwa maandishi, kwa sababu inamdhulumu mtu aliyeifanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa. Inawadhulumu pia waigizaji wote wa aina yake, wale ambao si stelingi wa filamu, lakini wakiondolewa filamu yenyewe inapwaya.

Farina alizaliwa Chicago tarehe 29 Februari 1944, katika familia kubwa yenye asili ya Sicily, na akakulia mtaa wa Old Town. Baba yake alikuwa daktari. Baada ya masomo alilitumikia jeshi la Marekani kwa miaka mitatu, na mwaka 1967 akajiunga na polisi wa jiji lake, ambako alikaa miaka 18. Sehemu kubwa ya utumishi huo alikuwa kachero wa kesi za wizi wa kuvunja. Naomba msomaji aishike habari hiyo, kwa maana watu wakisikia neno polisi huwaza bastola na magari yanayofukuzana, ilhali kachero wa wizi hushinda akiwasikiliza watu. Humsikiliza mwenye nyumba aliyeibiwa, jirani ambaye anajua jambo lakini anaogopa kulisema, mnunuzi wa mali ya wizi anayeapa kwamba hajawahi kuiona bidhaa hiyo, kisha humsikiliza mwizi mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mzungumzaji hodari kuliko wote. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 18 amekwisha kuona namna uso wa mwanadamu unavyobadilika pale uongo unapoanza kumshinda. Shule hiyo ni nzuri kwa mwigizaji, lakini shule si kipaji. Chicago ilikuwa na maelfu ya askari waliopita njia hiyohiyo, na hawakuwa Farina.

Mlango wa filamu ulifunguka kupitia kazi yake. Michael Mann, mwongozaji ambaye naye ni mzaliwa wa Chicago, alikuwa akiandaa filamu ya Thief, iliyotoka mwaka 1981, na alihitaji watu waliojua wizi na polisi kwa undani. Chuck Adamson, kachero wa jiji hilo aliyekuwa rafiki wa Farina, ndiye aliyewakutanisha. Farina akapewa nafasi ndogo, naye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37. Nafasi yenyewe haikuwa ya polisi. Alikuwa mmoja wa wapambe wa bosi wa wahalifu, mtu wa kusimama pembeni na kutekeleza maagizo. Katika filamu hiyohiyo John Santucci, ambaye aliwahi kuwa mwizi wa kweli mjini humo, alipewa nafasi ya polisi mla rushwa. Mwizi alivishwa beji na askari akaingizwa kwenye genge. Kwa hiyo hata siku ya kwanza kabisa mbele ya kamera, Farina hakujiigiza.

Baada ya hapo hakukimbilia Hollywood. Aliendelea kushika zamu zake huku akipanda jukwaani katika michezo ya kuigiza ya Chicago, jiji lenye utamaduni mkubwa wa tamthilia za majukwaani, na mmoja wa waliomwongoza katika miaka hiyo alikuwa John Malkovich. Aliachana na upolisi mwaka 1985 akiwa na miaka 41. Ninapotafakari umri huo huwa namstahi zaidi. Katika miaka ya arobaini watu wengi hushikilia kazi waliyo nayo hata kama imewachosha, na yeye aliuacha mshahara wa uhakika akaingia katika fani ambayo mtu hajui mwezi ujao atakula wapi. Mwaka uliofuata alikuwa Luteni Mike Torello katika tamthilia ya televisheni ya Crime Story, iliyobuniwa na huyohuyo Adamson pamoja na Gustave Reininger, na mwaka huohuo alicheza Jack Crawford, afisa wa FBI, katika filamu ya Mann iitwayo Manhunter.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo mashabiki wa Farina hawapendi kulisikia. Polisi wa Chicago wa miaka hiyo hawakuwa na sifa safi. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya yeye kuajiriwa, dunia iliwaona kwenye televisheni wakiwapiga virungu waandamanaji nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba tangu miaka ya 1970 makachero waliokuwa chini ya Jon Burge waliwatesa watuhumiwa, wengi wao wakiwa watu weusi, ili wakiri makosa. Sina sababu yoyote ya kumhusisha Farina na hayo, na simhusishi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetoka ndani ya chombo hicho, akawa kipenzi cha watazamaji kwa kuigiza polisi, alikuwa na mtihani mzito kuliko mwigizaji wa kawaida. Angeweza kuwapaka polisi asali ili tuwaone watamu. Torello hakupakwa asali. Ni mtu ambaye hasira zake zinamtangulia, kazi imemla mpaka ndoa imevunjika mikononi mwake, na anapomwinda adui yake, jambazi Ray Luca, mtazamaji huanza kuogopa atakachokuwa yeye mwenyewe. Sijui kama kuna askari mwingine wa televisheni ya miaka ya 1980 aliyenitia wasiwasi kiasi hicho nikiwa bado namtakia ushindi.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni filamu ya Midnight Run ya mwaka 1988. Robert De Niro anacheza Jack Walsh, aliyekuwa polisi wa Chicago na kulazimika kuondoka kwa sababu alikataa hongo ya Jimmy Serrano, bosi wa uhalifu aliyekuwa na polisi wenzake mfukoni. Serrano ndiye Farina. Tafakari mpangilio huo: askari wa kweli wa Chicago, aliyeiacha kazi hiyo miaka mitatu tu kabla ya filamu hiyo, anamwigiza mtu aliyewanunua askari wa Chicago, na anayesimama mbele yake kama askari mwadilifu ni De Niro. Mwangalie anavyoifanya kazi hiyo. Serrano hapazi sauti ovyo. Wakili wake anapojaribu kumtuliza na kumpa ushauri wa kisheria, yeye humwambia akae, atulie, ale kitu, anywe glasi ya maziwa, kwa sauti ya mzee anayembembeleza mtoto msumbufu, na papo hapo unafahamu kwamba maisha ya wakili huyo hayana uzito wowote kwake. Vitisho vyake kwa wengine hutoka kwa mwendo uleule, kana kwamba anaagiza chakula. Watu hucheka, nami hucheka, lakini ukiisikiliza ile sauti vizuri utagundua kwamba haina mzaha hata chembe.

Wanaoshikilia kwamba alijiigiza watanijibu kuwa lafudhi yake ilikuwa ileile, suti nadhifu zilezile, na masharubu yaleyale. Ni kweli. Lafudhi ya Chicago hakuibadilisha, na sioni kwa nini angeibadilisha. Lakini mchukue Serrano umweke kando ya Marshall Sisco wa Out of Sight ya mwaka 1998. Sisco ni baba wa afisa wa serikali anayeigizwa na Jennifer Lopez, na kuna mahali wanakula pamoja katika siku ya kuzaliwa ya binti huyo, na Sisco anampa zawadi ya bastola. Kwa maandishi jambo hilo linaweza kuonekana kama kichekesho cha bei rahisi. Farina analicheza kama baba yeyote anayempa bintiye mkufu: anamtazama usoni kuona kama ameipenda, kisha wasiwasi wake kuhusu mwanamume ambaye binti anatoka naye unapenya taratibu. Sauti ni ileile iliyokuwa ya Serrano, ila sasa imejaa huruma. Mwaka huohuo alikuwa Luteni Kanali Anderson katika Saving Private Ryan, filamu ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo anaonekana kwa dakika chache tu, akipokea taarifa ya Kapteni Miller kuhusu waliokufa kabla ya kumkabidhi kazi ya kumtafuta askari Ryan. Anasikiliza bila kukatiza. Filamu nzima inaanzia safari yake kwenye agizo la mtu huyo, na kama asingeaminika, kila kinachofuata kingeyumba.

Walikuwapo askari wengine waliopita njia hiyo kabla yake. Makachero Eddie Egan na Sonny Grosso wa New York, ambao kazi yao ndiyo iliyozaa filamu ya The French Connection ya mwaka 1971, walipewa nafasi ndogo ndani yake, na Egan akacheza mkubwa wa kazi wa mhusika aliyechorwa kutokana na yeye mwenyewe. Lakini yeye hakufika popote karibu na Farina. Kwa hiyo beji peke yake haielezi kitu.

Kuhusu filamu za Get Shorty na Snatch, na ile miaka yake katika tamthilia ya televisheni ya Law & Order, kuanzia 2004 hadi 2006, nisingependa kurefusha; wengi wamekwisha kuyasifu. Mimi hurudi kwenye Luck, tamthilia ya mbio za farasi ambayo ilimkutanisha tena na Michael Mann, na ambayo nafikiri haijapewa haki yake. Humo yeye ni Gus Demitriou, dereva na mlinzi wa Ace Bernstein, tajiri aliyetoka gerezani anayeigizwa na Dustin Hoffman. Kwa kuwa Bernstein hawezi kumiliki farasi kisheria, jina linaloandikwa kwenye karatasi ni la Gus, na mzee huyo ambaye hajui lolote kuhusu farasi anaanza polepole kumpenda mnyama aliyepewa kwa jina tu. Uzalishaji ulisitishwa mwezi Machi 2012 baada ya farasi kadhaa kufa, na Farina alifariki dunia Scottsdale, Arizona, tarehe 22 Julai 2013, akiwa na miaka 69. Ukiitafuta tamthilia hiyo, usiyafuate mashindano kwanza. Zifuate zile saa za usiku hotelini ambapo kazi za siku zimekwisha, Bernstein anaongea na usingizi unamnyemelea, na Gus amekaa karibu akisikiliza.