Ndege Imeruka na Elfu Tano Yangu
Mimi ndege nazijua kwa matumbo tu. Nakaa Kiwalani, zinapita juu ya bati langu zikienda kutua. Mtoto akilala zinamwamsha, nikisikiliza mpira goli linafungwa ndani ya mngurumo. Sijawahi kupanda hata moja. Sasa niambieni, ndege hizo hizo zimefikaje kunilipisha kahawa?

Chanzo ni yule kijana wa bodaboda pale kijiweni. Badala ya kutafuta abiria, kaja na fumbo: ndege imewekwa juu ya mkanda mrefu kama njia ya kurukia, mfano wa ile mashine ya gym ya kukimbilia. Ndege ikienda mbele, mkanda unarudi nyuma kwa mwendo ule ule. Je, itaruka?

Nikadakia kwa sauti ya mtu mwenye diploma: hairuki! Na hoja ninazo. Bosi wangu wa zamani alikuwa anakimbia kwenye mashine ile saa nzima, jasho linamchuruzika, feni imewashwa mbele yake maana upepo hapati. Kilomita kumi kakimbia, na yupo pale pale mbele ya kioo. Ndege inainuliwa na upepo unaopita kwenye mabawa, au nasema uongo? Bati la jiko langu liliruka masika yaliyopita bila kukimbia hata hatua moja, lilipata upepo tu. Nikalifuata nyumba ya tatu, nikakuta limeshakuwa banda la kuku. Basi ndege isiyosogea itapata wapi upepo? Nikaona nimewamaliza, nikaweka dau: nikishindwa, kahawa na kashata za kijiwe kizima juu yangu.

Fundi wa kuchomelea akaniuliza taratibu, "Kaka, matairi ya ndege yanazungushwa na nini?"

"Na injini!"

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Kumbe pale chini hakuna injini inayozungusha kitu. Tairi la ndege ni kama la mkokoteni, linafuata tu. Injini inasukuma hewa kwenda nyuma, ndege inakwenda mbele.

Nikamkamata hapo hapo. "Mkokoteni una mvutaji, na mvutaji naye kasimama juu ya mkanda!"

"Mvutaji wa ndege anakanyaga hewa," akasema, "na hewa haijafungwa kwenye mkanda."

Sikukubali. Nikaenda nyumbani kufanya utafiti. Nikatwaa kigari cha mwanangu, nikakifunga uzi, nikakiweka juu ya mkeka. Zuhura avute mkeka kwenda kwake, mimi nisimame sakafuni nivute uzi kuja kwangu.

"Baba Zuhura, unga umeisha tangu jana."

"Subiri mama, tuko kwenye fizikia."

Zuhura akavuta. Vitairi vikalia vwiiii, vinazunguka kama vimechanganyikiwa, na kigari kikaja kwangu bila hata aibu mpaka kikanigonga kidole. Mkeka umevizungusha vitairi tu, mwendo umeamuliwa na uzi. Tulichosahau ni chupa ya chai, ilikuwa kwenye mkeka ule ule. Yenyewe haina matairi. Mama Zuhura aliangalia vile vigae vya kioo, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Nikarudi kijiweni kimya kimya, nikakuta bodaboda ana ushahidi mwingine. Wamarekani walijaribu kweli, ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2008: kindege kidogo juu ya turubai la mamia ya mita, gari linalivuta turubai kwenda nyuma. Kikaruka kama hakuna kilichotokea. Na rubani mwenyewe, aliyekaa ndani ya kindege, alikuwa anaamini hakitaruka!

Rubani! Mtu ana leseni, anashika usukani, naye kakosea. Mimi wa Kiwalani nalaumiwa kwa lipi? Nikawaambia basi kosa ni letu wawili, tugawane bili. Wakaniuliza rubani anakuja saa ngapi.

Nimehesabiwa vikombe kumi na tisa. Kuna mzee mmoja hata fumbo hakulisikia, alikuwa anapita tu kwenda msikitini, naye kanywa vitatu.