Makaa ya Mui na moto wa Athi River

Mjadala wa madini ukiwaka Nairobi, makaa ya mawe ya bonde la Mui, kule Kitui, hayakosi kutajwa. Wanaotaka yachimbwe wana hoja nzito: huwezi kuyeyusha madini kwa umeme wa kubahatisha. Afrika Kusini ilijenga migodi yake ya dhahabu na platinamu juu ya makaa. Zambia ilitegemea umeme wa maji, na ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la Kariba, migodi ya shaba ikahangaika kununua umeme wa nje.

Kwa Zambia hoja hiyo ina mashiko. Kwetu inapwaya. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria haungojei mvua, na karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari hautoki kwenye makaa wala mafuta. Ndiyo maana sikusikitika mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050 huko Lamu ilipofutwa. Mtambo wenyewe ungeanza kwa makaa ya kuagiza!

Ila walioshangilia wangeshuka kidogo na Barabara ya Mombasa hadi Athi River. Huko tanuri la saruji huzunguka polepole usiku na mchana, mawe ya chokaa na udongo vikiokwa kwa nyuzi 1,450 hivi mpaka vitoke klinka, vidonge vya kijivu vinavyosagwa kuwa saruji. Moto huo hutegemea sana makaa ya mawe yanayoshushwa bandarini Mombasa. Maganda ya mpunga na matairi makuukuu huyapunguza tu. Na hata upate moto safi kabisa, chokaa yenyewe ikiungua hutoa zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya klinka. Ghorofa zote zile za Kileleshwa na Ruaka zimepitia humo.

Indonesia nako, inakotoka zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, makaa yana kazi mbili: kuzalisha umeme wa viwanda, na kuing'oa oksijeni kwenye mawe ya madini. Kazi hii ya pili huimalizi kwa kufunga paneli za jua.

Kwa hiyo makaa ya Mui yakiombewa leseni ya umeme, napinga bila kusita. Yakiombewa tanuri za Athi River, nitasikiliza, lakini nitaanza na wakulima wa Mui: watalipwa nini, lini, na watahamia wapi kabla tingatinga halijafika.