Mubashara kutoka Magomeni

Kazi yangu ni kuingia katika nyumba za watu na kuzisifu mbele ya kamera. Nimepita Mbezi Beach, Kigamboni na Bunju, nikafungua makabati ya jiko yasiyo yangu, nikakaa kwenye masofa ambayo bado yana nailoni, na kutamka "chumba masta" kwa sauti ambayo mke wangu hajawahi kuisikia nyumbani, kwa kuwa nyumbani hatuna chumba hicho: tumepanga vyumba viwili na kodi tunalipa kwa miezi sita sita. Mtaani hakuna anayeliamini hilo. Majirani wanadhani kila nyumba niliyoionyesha ni yangu, na kwamba ninajificha uswahilini ili nisiombwe mikopo.

Siku ya kisa hiki mtayarishaji aliamua tuachane kidogo na maghorofa, turushe matangazo mubashara kutoka Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wenye jiko na choo kwa nyuma. Dalali alitukutanisha na kaka mkubwa wa familia, aliyejitambulisha kuwa msimamizi wa mirathi, akiwa na barua ya uteuzi kutoka Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Saini za ndugu wote katika muhtasari ule zilikuwa na mkia uleule, na mtayarishaji alipouliza, dalali alimweleza kwamba hayo ni mambo ya damu.

Jambo jingine lilitushangaza. Kaka mkubwa hakujali tungesimama wapi wala tungeuliza nini, lakini alishikilia kwamba bango la kipindi chetu litundikwe kushoto kwa mlango, si kulia, na akapanda kwenye kiti yeye mwenyewe kulifunga kwa kamba kwenye misumari ya paa. Mtayarishaji alininong'oneza kwamba watu wanaokipenda kipindi kiasi hicho ni wachache.

Tukaingia hewani. Nilianza na somo ninalolitoa kila wiki: kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwamba hati humpa mtu haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99, kwamba mnunuzi afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata shilingi, na kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kama kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinavyotaka. Nilipofika kwenye maneno "na nyumba hii, ndugu watazamaji, haina mgogoro wa aina yoyote", upepo ulipita, kamba moja ikakatika, na bango likabaki linaning'inia kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba ya kuanikia.

Mimi nilikuwa nimeupa ukuta mgongo. Sikuona kwamba umeandikwa kwa herufi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. MATAPELI KAENI MBALI. Mpiga picha, ambaye hulipwa kufuata kinachovutia macho, aliyasogelea maandishi hayo taratibu, neno baada ya neno. Kwenye kifaa cha sikioni mtayarishaji alikuwa akipiga kelele, "Nyuma! Nyuma!", nami kwa utii nikarudi nyuma hatua kwa hatua, huku nikisifu uimara wa jengo, mpaka nikaegemea ukuta kwa uzito wangu wote ili watazamaji waone kwamba hautikisiki.

Rangi ilikuwa ya mafuta. Dada zake kaka mkubwa walikuwa wameipaka usiku, na bango letu liliizuia isikauke. Nilipogeuka kuwaongoza watazamaji kuelekea koridoni, shati langu jeupe lilikuwa limechukua TAPELI nzima, kinyumenyume lakini inasomeka, na ile MA ya wingi ikabaki ukutani. Nilisikia vicheko barabarani, nikadhani wamependezwa na maelezo.

Koridoni tuliwakuta dada watatu wamekaa mkekani wanachambua mchele. Mkubwa wao hakusimama.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kaka yetu amekuambia pia kwamba jenereta la marehemu aliliuza kabla ya arobaini?"

Niligeuka ili nimpe kaka mkubwa nafasi ya kujibu. Alikuwa ameshatokea mlango wa uani, na dalali alikuwa amemtangulia.

Kwa utaratibu wa kipindi, dakika za mwisho huwa ni za simu za watazamaji, na studio, kwa sababu ambazo sijaelezwa hadi leo, iliendelea na utaratibu. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mpole.

"Mtangazaji, maandishi yote nimeyasoma, ya ukutani na ya kwenye shati. Sasa niambie, bei ya mwisho ni ngapi?"

Nilifungua kinywa kumweleza msimamo wa familia, lakini yule dada mkubwa alikwishanyoosha mkono na kuichukua simu. Aliwatazama wenzake, akauweka ungo pembeni, kisha akashusha sauti.

"Kwani wewe, baba, una ngapi?"