Mmasai wa Magomeni

Kabla sijapokea simu nyingine: sijafukuzwa kazi, sijaajiriwa kuchunga, na ile bukta ya Yanga mliyoiona kwenye video si yangu.

Ndiyo, najua imeshawafikia. Mkenya mmoja anayekaa Griffith, ambaye mpaka Ijumaa alikuwa rafiki yangu, aliitupia kwenye grupu letu Jumamosi jioni na kuipa jina "Mmasai wa Magomeni". Jumapili alfajiri ilikuwa imeshatua Dar na bi mkubwa yuko hewani. Hata salamu hakutoa. "Mwanangu, nasikia huko Ulaya wamekupa kondoo?" (Kwa bi mkubwa, kokote kunakopandiwa ndege ni Ulaya. Australia haimhusu.) Nikamwambia mama, kazi yangu ni ileile, nahudumia wazee, niko salama salimini. Akakaa kimya kidogo. "Sasa lubega ya nini?"

Hapo nikaona bora nieleze mwenyewe, maana yule Mkenya amekata mwanzo, amekata mwisho, amebakiza katikati tu, na katikati ndiko nilikoadhirika.

Tunakaa mji mdogo kwenye uwanda wa Hay, jimbo la New South Wales. Jina la mji silitaji. Waafrika hapa ni sisi tu, nikitaja mji nimetaja familia. Viza yetu ni ile ya 491, inayokutaka ukae na ufanye kazi mikoani, nasi mkoa tumeupata kwelikweli: Sydney iko kilomita 700 na ushei, na unga wa ugali tunaufuata Griffith. Nchi ni tambarare, hakuna kilima wala kichuguu cha kukinga chochote. Upepo ukianza safari huko Australia Kusini hauna pa kupumzikia mpaka unifikie mimi. Shikeni hilo la upepo.

Maisha yenyewe ni ya kujuana. Barabarani kila dereva mnayepishana naye ananyanyua kidole kimoja juu ya usukani, nawe unajibu. Kuna siku mama watoto alimpita mtu bila kunyanyua, katoka zamu ya usiku, usingizi umemjaa. Kesho yake mama wa posta akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko shwari. Huyo mama wa posta ndiye pia anayeendesha gari la zimamoto, kwa kujitolea, na ndiye refa wa netiboli. Jumamosi maduka yanafungwa saa sita mchana, baada ya hapo umebaki na klabu. Klabu ina baa, ina mgahawa wa Kichina, ina bahati nasibu ya nyama kila Ijumaa usiku, na nje ina uwanja wa majani wa kuviringishia matufe. Huo uwanja nao ushikeni.

Pale klabu mazungumzo ni mawili, mvua na kondoo. Nchi hii ina kondoo zaidi ya milioni 70 na watu hawafiki milioni 30, kwa hiyo mtu asiye na la kusema kuhusu kondoo anakaa peke yake na soda yake. Ijumaa moja mzee jirani yangu, mfugaji toka azaliwe, akanionea huruma. Akaniuliza, kwenu mnafuga? Nikamjibu tunafuga, tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30. Jamani sikudanganya. Nilisema "tuna" kwa maana ya taifa. Lakini mzee alishawahi kuwaona Wamasai kwenye televisheni, macho yakamng'aa, akaita na wenzake waje kusikiliza. Meza nzima imenigeukia. Kwa mara ya kwanza mjini pale nina la kusema. Nani angepata nguvu ya kutamka kwamba yeye ni Mzaramo wa Magomeni Mikumi na ng'ombe anamfahamu kuanzia kwenye supu? Nikanywa soda, nikatia chumvi kidogo kuhusu simba.

Basi juzi Jumamosi asubuhi mzee akagonga mlango. Kondoo wake aina ya merino, 300 hivi, walitakiwa watoke malisho yaliyo nyuma ya nyumba zetu, wavuke kichochoro, waingie zizini, maana wanyoaji wanakuja Jumatatu. Ana mbwa wawili wa kuchungia, kelpie, lakini mmoja kachanwa mguu na senyenge. Na kuna upenyo mmoja upande wa mjini hauna geti. "Wewe simama pale anaposimamaga mbwa," akaniambia, kwa Kiingereza chake.

Someni tena hapo. Niliitwa kukaimu nafasi ya mbwa, nami nikaona nimepewa heshima.

Na heshima ina mavazi yake. Ninayo shuka ya Kimasai, nyekundu ya miraba, niliinunua kwa wauza vinyago Mwenge nije nimpe mtu zawadi, kisha nikaghairi. Nikaipiga lubega. Fimbo sina, nikachomoa mpini wa fagio. Bukta iliyokuwa karibu ilikuwa ya shemeji yangu, aliisahau alipokuja kututembelea, naye ni mtu wa Jangwani. Wana Msimbazi wenzangu, mnanijua, nisingefanya hivyo kwa hiari. Mama watoto alifungua jicho moja, akanipandisha akanishusha. "Baba watoto, unakwenda wapi hivyo?" Nikamwambia nakwenda kuchunga. Akalifunga lile jicho.

Yule Mkenya alikuwa amelala kwetu wikendi hiyo. Akasema atakuja "kunishikia simu". Ningejua.

Maelekezo ya mzee yalikuwa mafupi. Simama katikati ya upenyo, tanua mikono, usikimbie, usipige kelele, watakuona watageuka wenyewe. Akapanda pikipiki yake ya matairi manne, akaondoka na mbwa mzima.

Wakaja. Kwanza vumbi, halafu kishindo cha kwato kwenye udongo mkavu, halafu vichwa. Mbele yuko jike mmoja mkubwa, hereni ya plastiki sikioni, ngozi ya shingo imekunjamana. Wanakuja vizuri. Wanakata kona kuelekea zizini, mzee huko nyuma ananinyanyulia kidole, nami nimetanua mikono najiona laigwanani, kiongozi wa Kimasai. Yule jike akageuza shingo akanitazama. Akasimama, hatua chache tu kutoka nilipo. Nyuma yake wote wakasimama. Akakita mguu wa mbele chini, ti! Akapuliza pua. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Mama, njia ile pale." Kwa Kiswahili, ndiyo, mnataka niseme kwa lugha gani? Akakita tena.

Ndipo upepo wa Australia Kusini ulipowasili.

Shuka ilianzia magotini. Naiona inapanda, taratibu, na mikono yote miwili nimeitanua, siwezi kuishusha kwa sababu mzee kasema tanua. Ikapita mapaja. Ikapita tumbo. Ikajaa upepo, ikapiga pa! pa! pa! kisha ikanivaa usoni. Sasa hebu jiwekeni upande wa yule kondoo. Alikuwa anapima kama ampite mtu au asimpite. Ghafla mtu hana kichwa, amegeuka pazia jekundu linalojipiga makofi, chini yake miguu myembamba na bukta ya kijani na njano. Mimi humo gizani nikavuta shuka nipate kuona, nikakanyaga pindo lake mwenyewe, nikaenda chini mgongo mzima.

Nimelala chali. Shuka ikaniondoka usoni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni tumbo. Yule jike aliniruka, miguu kaikunja vizuri, wala hakunigusa. Waliokulia kwenye kondoo watawaambia: wa mbele akiruka mahali, wote wataruka palepale, hata kile kilichorukwa kikiondolewa. Kwa hiyo ningeweza kubingirika pembeni na wangeendelea kuruka hewa. Sikujua. Nikatulia tuli nikatazama matumbo. Tumbo, tumbo, tumbo. Kuna aliyeruka kistaarabu, kuna aliyeruka juu mno bila sababu yoyote, kuna mmoja mdogo aliyefika pembeni yangu akasita, akanitazama usoni kwa muda, halafu akarudi nyuma hatua mbili ili naye aruke kwa utaratibu. Vinavyomtoka kondoo mwenye hofu akiwa angani sitavitaja, wengine mnasoma huku mnakula. Ninachosema ni kwamba mdomo niliufunga mapema. Na katikati ya hayo yote nasikia sauti: "Kaa hapo hapo, buda! Usitoke kwenye fremu!"

Huyo ndiye rafiki.

Upenyo ule unatokea mtaa mkuu. Nilipoinuka na kutoka mbio, lori la nafaka lilikuwa limesimama katikati ya barabara na mkondo wa manyoya unapita mbele yake. Dereva akaninyanyulia kidole juu ya usukani. Nikamjibu, adabu ni adabu. Wakapita posta. Wakapita duka la dawa. Mwisho wa mtaa kuna klabu, na siku za mechi geti la pembeni huwa wazi.

Kwa msioujua mchezo wenyewe, yale si majani ya kukanyagwa ovyo. Yanakatwa mafupi yakaribie kuisha, yanasawazishwa kwa rola, na ukiingia na kiatu chenye kisigino umevunja mwiko. Wachezaji wamevaa nyeupe tupu, wengine nawajua mpaka presha zao. Wanaviringisha matufe yakisogelee kijitufe kimoja cheupe, kimya, hata kukohoa mtu anajizuia. Niliwahi kukatiza pembeni mwake na viatu vya kazi, nikaelekezwa kwa upole mrefu ambao mpaka leo ukinijia nashtuka. Sasa humo ndimo merino 300 walimoingia, wakainamisha vichwa wakaanza kula. Malishoni kwao kuna vijiti na chumvichumvi tu, na hapa kuna kijani inayomwagiliwa. Mtawalaumu?

Nikafika nahema, mpini wa fagio mkononi, shuka begani, nimepakwa vile nilivyosema sitavitaja. Nikasimama ukingoni ghafla. Kwa sababu nilikuwa nimevaa buti zenye kisigino.

Ndugu zangu, kondoo 300 wako uwanjani, mimi nimekaa kwenye ukingo nafungua kamba. Hicho ndicho kipande mnachokirudiarudia, nimeona.

Bibi mmoja aliye karibu na 90 akanisogelea, tufe lake amelikumbatia, akaniuliza kama hawa kondoo ni wa kwangu. Nikasema ni wa jirani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Upande wa pili wazee wawili hawakuwa na habari na mimi kabisa: kondoo mmoja alikuwa amekipiga teke kile kijitufe cheupe, kikaenda kukaa jirani na tufe la mmoja wao, sasa wanabishana kihesabiwe hapo kilipo au kirudishwe. Kondoo wa mwisho aliondoka wakaendelea kubishana.

Mengine yalikwenda haraka. Mbwa alifika akawatoa wote kabla sijamaliza buti la pili. Mama wa posta akafunga barabara na gari la zimamoto. Mzee alicheka mpaka akashika uzio, hakunigombeza hata kidogo. Tuliokota mavi kwa ndoo, mimi na watu waliovaa nyeupe. Mtunza uwanja peke yake ndiye aliyepiga magoti, akawa anaingiza kidole kwenye kila alama ya kwato, hasemi kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko ambavyo angenitukana. Mechi ikaendelea. Picha yangu sasa iko ukutani baa, chini ya orodha ya vyakula vya Kichina, na kondoo wameshanyolewa.

Limebaki moja. Jana mwalimu wa shule ya msingi alinisimamisha nje ya duka. Watoto wameiona video, wameipenda mno, anaomba Alhamisi niende darasani niwaeleze maisha ya Wamasai na namna tunavyochunga, na tafadhali nije na ile shuka. Nikafungua mdomo nimwambie mimi ni Mzaramo. Nyuma yake walikuwa wamesimama vitoto viwili vyeupe, vimepiga taulo lubega, kimoja kina mpini wa fagio.

Nimekubali. Mwenye Kimasai hata cha salamu tu aniandikie kabla ya Jumatano usiku. Wewe wa Griffith usijibu.