Maporomoko Yaliyojificha: Njia Itajwe au Inyamaziwe?

Watu wanaopenda kutembea milimani katika visiwa vya kitropiki wana ubishi mmoja usiokwisha. Ukishafika kwenye maporomoko ya maji yasiyo na kibao, maegesho wala mlinzi, uwaelekeze wengine njia au ukae kimya? Wanaotaka njia itajwe husema mlima haukuwekwa kwa ajili ya wachache wenye bahati ya kuwa na mwenyeji. Wanaotaka kimya husema lokesheni ikishawekwa mtandaoni, haupiti muda kijia hugeuka mtaro wa matope na takataka hujaa kando ya maji. Kila upande una ushahidi wake. Mimi huona zote mbili zimeruka swali linalotangulia: maporomoko hayo yamejificha kwa sababu gani?

Chukua kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Mlima Waialeale ulio katikati yake hupata wastani wa zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka, kwa kuwa pepo za kaskazini-mashariki hugonga magenge yake zikiwa na unyevu wa bahari na kuumwaga pale pale. Kisiwa ni kidogo na kuta zake ni za wima, kwa hiyo maji hayo hushuka kwa kuruka. Barabara nazo zimefuata pwani, na upande wa Na Pali, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, hata pwani imezishinda: lami inaishia kwenye ufuo wa Kee, na anayetaka kuendelea anaendelea kwa miguu. Maporomoko ya Hanakapiai, yenye kimo cha mita 90 hivi, yako ndani ya bonde la huko. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 13 za mizizi, mawe na udongo unaoteleza.

Haya yamefichwa na ardhi yenyewe, na kuyataja hakumdhulumu mtu. Trou de Fer katika kisiwa cha Réunion ni mfano ulio wazi zaidi. Picha zake zimeenea dunia nzima, njia ya msitu wa Bélouve inayofika kwenye roshani ya kuyatazama inajulikana na kila mtu, lakini chini kabisa hawafiki ila mafundi wa kushuka makorongo kwa kamba. Hapo hoja ya kunyamaza haina kazi, maana genge linajilinda lenyewe.

Shida huanza pale ardhi inapokuwa ngumu kiasi cha kuua lakini si ngumu kiasi cha kumzuia mtu asijaribu. Hanakapiai iko katika kundi hilo. Mvua inaweza kunyesha kileleni huku wewe bondeni unaota jua, na kijito ulichovuka asubuhi maji yakiwa chini ya magoti kikawa mto wa kahawia kwa muda wa dakika chache. Aprili 2014 zaidi ya watu 100 waliokolewa kwa helikopta huko baada ya kijito kufurika na kuwakatia njia ya kurudi. Wenyeji wa mabonde haya wana dalili zao: maji yanaanza kuchafuka, majani na vijiti vinaelea, mngurumo unaongezeka bila sababu unayoiona. Anayezijua huondoka majini mara moja. Akikuta kijito kimeshajaa hukaa ng'ambo hata kama giza linaingia, kwa sababu maji yaliyopanda haraka mara nyingi hushuka haraka vilevile.

Sasa jiulize ni nini kinachosambaa mtu anapoweka picha bila maelezo, kwa nia njema ya kulinda mahali. Watu huitambua sura ya jabali, mmoja hubahatisha, mwingine huongeza alama kwenye ramani, na kwa miezi michache kila kitu kinajulikana isipokuwa zile dalili. Kinachovuja ni njia, onyo halivuji. Nimesoma maelezo mengi ya aina hii, na karibu yote humweleza msomaji mahali pa kuegesha gari kabla ya kumweleza lini ageuke. Kwa hiyo siamini kwamba kimya kinaokoa maisha. Mara nyingi humwacha msafiri na nusu ya habari, nayo ni ile nusu inayomtia hatarini.

Isipokuwa Sacred Falls, kisiwani Oahu. Tarehe 9 Mei 1999, Siku ya Akina Mama, miamba ilimeguka kutoka juu ya korongo lile jembamba na kuwaangukia watu waliokuwa chini ya maporomoko. Wanane walikufa na makumi wakaumia. Baadaye mahakama iliona kwamba serikali ya jimbo haikuwa imewaonya wageni vya kutosha, na hifadhi ile imefungwa tangu siku hiyo. Bado wapo wanaopenya, na wapo wanaoandika jinsi ya kupenya, wakidai kwamba mtu mzima ana haki ya kujichagulia hatari. Naielewa hoja hiyo kwenye kijito, ambako ujuzi unasaidia. Chini ya ukuta unaomeguka haisimami, kwa sababu jiwe halitoi dalili na uzoefu haupunguzi uzito wake. Tena atakayepanda kukutafuta ni mwokoaji ambaye hakuichagua hatari hiyo, umemchagulia wewe. Hapa nawaunga mkono wanaotaka kimya, bila kusita.

Kuna hatari nyingine mbili ambazo mabishano haya huzipita haraka. Moja ni leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, hasa panya na nguruwe pori, na kuingia mwilini kupitia mchubuko, macho au pua. Hawaii ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayoongoza kwa ugonjwa huu, na maji matamu ya vijito na mabwawa ndiyo chanzo kimojawapo kikubwa. Dalili, yaani homa, kichwa na misuli kuuma, huja siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye. Wakati huo mgeni ameshasafiri kurudi kwao, ambako daktari atawaza mafua kabla ya kuwaza bwawa la mlimani. Atakayeandika kuhusu maporomoko ya visiwa hivi amwambie msomaji wake mstari mmoja tu: ukipata homa baada ya safari, mtajie daktari kwamba uliogelea kwenye maji ya mtoni.

Ya pili haimdhuru mtalii bali msitu. Mti wa ohia ndio unaotawala misitu ya asili ya Hawaii na ndio unaokamata maji ya mawingu yanayolisha vijito. Mwaka 2014 wanasayansi walibaini kwamba kuvu wa jamii ya Ceratocystis ndiye aliyekuwa akiikausha miti hiyo katika kisiwa cha Hawaii, kinachoitwa Kisiwa Kikubwa, na kufikia 2018 amegunduliwa Kauai. Kuvu huyu huingia kwenye jeraha la mti na anaweza kubebwa na udongo ulioganda kwenye soli. Ushauri wa wataalamu ni kukwangua matope yote kwenye viatu kabla na baada ya kuingia msituni, kisha kuvipulizia alkoholi ya asilimia 70. Anayezunguka maporomoko ya visiwa viwili au vitatu katika likizo moja anaweza kufanya uharibifu ambao mtu anayerudia kijia kimoja kila wiki hawezi kuufanya. Kwa kipimo hiki wanaotaka kimya wana hoja nzito kuliko ile ya chupa na vikopo ambayo wao wenyewe hupenda kuitumia. Takataka huokotwa.

Lakini mahali ambapo mjadala mzima unanitatiza zaidi ni mashariki ya kisiwa cha Maui, hukohuko Hawaii. Barabara ya kwenda Hana ina madaraja zaidi ya 50, mengi ya gari moja moja, na karibu kila daraja lina kijito na kila kijito kina maporomoko juu yake ambayo hayaonekani kutoka barabarani. Wageni huyaita ya siri. Ya siri kwa nani? Tangu miaka ya 1870 mashamba ya miwa yalichimba mifereji na mahandaki kukata vijito hivi vya upande wa mvua na kuyapeleka maji kwenye uwanda mkavu wa katikati ya kisiwa. Wakulima wa magimbi waliokuwa chini ya mifereji walibaki na vijito vikavu vya mawe matupu. Waliyapigania maji yao kwa miongo mingi, hadi kwenye tume na mahakamani. Kilimo kikubwa cha miwa kilikoma 2016, na mwaka 2018 tume ya maji ya jimbo iliamuru mtiririko urudishwe katika vijito vingi vya eneo hilo.

Maji hayo hayakuhitajiwa na magimbi peke yake. Katika vijito vya Hawaii wamo samaki wadogo wanaoitwa oopu. Mayai yao huanguliwa mtoni, vifaranga husombwa hadi baharini, kisha wakikua kidogo hurudi na kupanda mto. Aina moja, oopu alamoo, hukwea hata jabali la maporomoko ya Akaka, yenye kimo cha mita 135 hivi, kwa kujishikilia na mapezi ya tumboni yaliyoungana na kuwa kama kikombe cha kunyonya. Kijito kisichofika baharini kinaikata safari hiyo. Kwa hiyo mtalii anayefuata mfereji akakuta bwawa zuri lisilo na mtu, akadhani ameingia kwenye pori lisiloguswa, kwa kweli amesimama katikati ya mtambo wa maji wenye historia ya karne na nusu na kesi zake. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu anayemwelekeza njia na kumwachia ajue uzuri tu. Njia nyingi za huko, isitoshe, hupita kwenye ardhi inayotaka kibali.

Na suala la kibali ndilo linalowagonganisha watu kabisa. Maporomoko ya Kipu, Kauai, yalikuwa kwenye ardhi ya kampuni binafsi. Wenyeji waliyatumia miaka nenda miaka rudi. Vitabu vya watalii vikayatangaza, umati ukaja, watu kadhaa wakazama, na mwaka 2011 mwenye ardhi akapafunga. Aliyekosa zaidi ni kijana wa jirani aliyekuwa akiogelea pale tangu utoto. Mwaka huo huo wabunge wa Hawaii walijadili muswada wa kuwawajibisha wachapishaji wa vitabu vya kuongoza wageni pale msomaji anapoumia mahali alikoingizwa bila ruhusa. Wachapishaji walilalamika kwamba huko ni kubana uhuru wa kuandika, nami nakubaliana nao kwa sehemu: sheria ya namna hiyo ingemgusa hata anayeandika kwa uangalifu na kumwacha anayeweka alama kwenye ramani bila jina. Ila hasira iliyouzaa muswada ule naiona ina msingi. Faida ya tangazo ilikwenda kwa mwandishi na mgeni, gharama ikabaki kijijini.

Gharama hiyo inaweza kugeuzwa. Katika kisiwa cha Taveuni, Fiji, maporomoko ya Tavoro yamo katika hifadhi ya Bouma iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa New Zealand, na wanaoiendesha ni wanavijiji wenye ardhi. Mgeni hulipa kiingilio; fedha zinabaki pale pale. Maporomoko ya kwanza ni mwendo wa dakika kama kumi tu, ya tatu yanataka jasho. Hakuna anayetaka Tavoro inyamaziwe, kwa sababu anayeamua na anayelipwa ni yule yule. Tatizo ni kwamba mpango huo unasimama juu ya umiliki wa ardhi wa ukoo, ambao Fiji inao kwa sehemu kubwa ya nchi. Hawaii haina: mgawanyo wa ardhi wa 1848 ulifungua njia ya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi.

Hawaii imejaribu njia yake. Aprili 2018 milimita 1,262 za mvua zilinyesha kwa saa 24 kaskazini mwa Kauai, rekodi ya Marekani, na barabara ya kwenda Kee ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ilipofunguliwa Juni 2019 wageni walikuwa wamewekewa kikomo cha watu 900 kwa siku katika hifadhi ya Haena, ambako njia ya Hanakapiai huanzia, kwa kujiandikisha mapema, huku wakazi wa jimbo wakisamehewa masharti hayo. Mafuriko yalisukuma jambo lililokuwa likijadiliwa kwa miaka. Mpango huu una dosari: nafasi humalizwa na wale wanaoweza kupanga safari mapema, na anayebahatika kupata siku moja tu ataiendea Hanakapiai hata mawingu yakiwa mabaya, kwa kuwa kesho hana tiketi. Hilo la pili linanitia wasiwasi kweli. Hata hivyo kikomo kimefanya kilichoshindikana kwa kimya. Njia inajulikana na kila mtu, na bado haikanyagwi na wote kwa siku moja.

Kwa hiyo naandika njia pale ambapo ardhi ni ya umma, hatari inaepukika kwa maarifa, na wanaoishi bondeni, chini ya maporomoko, hawajakataa. Pale ambapo mwenye ardhi hajasema lolote, naacha. Wapo watakaosema kwamba kwa kanuni hiyo nusu ya maporomoko mazuri hayataandikwa kamwe, na ni kweli. Lililo gumu zaidi ni yale ambayo tayari yameandikwa. Maelezo ya Kipu ya kabla ya 2011 bado yanasomwa, yakimwelekeza mgeni hadi kwenye uzio, bila tarehe wala neno kwamba pamefungwa, na aliyeyaandika ndiye pekee mwenye uwezo wa kuyafuta.